Kadi Nene

Ninayo kumi na tisa sasa.
Moza anasema: kumi na tisa, na mchezo ni ule ule.
Si ule ule.

Lile la Bombay lina ngazi ya bati badala ya plastiki,
na Daktari kachorwa masharubu.
La Beirut limeandikwa kulia kwenda kushoto
ila ubao hawakuugeuza, kwa hiyo ukifuata maelezo
unaingia jikoni kwa kupenya ukuta.
La Dubai, jumba limekuwa ghorofa arubaini,
na kilichoibwa si mkufu tena, ni saa.
Lile dogo la safarini lina sumaku, kete hazianguki
hata gari likiruka tuta.
Moja nililinunua Ruwi kwa mtu aliyekuwa anahama,
riyali tatu, pamoja na feni.
Feni ilikufa.

Yote nimeyapanga chumba cha wageni.
Wageni wanalala sebuleni.

Huwaambia watu natafuta matoleo yote. Uongo.
Natafuta moja, na lilipo napajua:
Ibra, juu ya kabati la dada yangu Ghaniya,
limefungwa kwa mkanda wa kanga.

La kwanza. Baba alilileta kutoka Kuwait
mwaka tuliohamia Al-Khuweir, nyumba ikinuka rangi,
sisi bado tunaomba maji kwa Kiswahili
na watoto wa jirani wanacheka.
Kiingereza cha maelezo mama alikitafsiri kwa sauti,
akiruka asichokijua, akiongeza anachokitaka:
"Mwizi ni mmoja. Chumba ni kimoja. Chombo ni kimoja.
Na anayechungulia hali mkate wa kumimina."

Kadi ya Mpishi ilipotea wiki ya pili.
Mama akakata boksi la sabuni,
akaandika MPISHI kwa wino wa buluu,
akachora sufuria iliyofanana na kofia.
Kadi nene. Hata gizani ukiishika unaijua.
Tukazoea kuiweka kando kabla ya kuchanganya.
Mpishi hana kesi, tulisema. Atawezaje kuiba
na kila mtu anamtambua?

Usiku ule aliyechanganya ni mama.
Umeme ulikatika tukiwa duru ya pili.
Halafu ikawa si umeme tena, ikawa kifua chake,
ikawa taa za gari ukutani, baba anatafuta viatu.
Ghaniya alikusanya kila kitu kilivyo.
Bahasha haikufunguliwa.

Miaka thelathini na nne.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Ibra.
Sikupiga simu. Nilibeba halwa kama mtu anayekwenda kuposa.
Ghaniya akanitazama mikono, akavuta kiti,
akapanda mwenyewe na goti lake bovu.
"Usifungue."
"Sifungui."
Akanipa bahasha, boksi akalikumbatia.

Nikaibonyeza kwa kidole gumba,
kama mtu anayeijaribu tende kabla ya kulipa.
Ya kwanza, nyembamba.
Ya pili, nyembamba.
Ya tatu

Nilipoinua macho alikuwa anamimina kahawa
na kikombe kilikuwa kimejaa zamani.
"Ulijua," nikasema.
"Nilijua usiku ule ule. Kando haikuwekwa.
Kwangu haikuwepo, na wewe ukiipata uso wako hausitiri.
Baba alikuwa anasinzia, kadi zake ziko wazi.
Na mama alikuwa anajizuia kucheka."

Hatukusema zaidi. Mjukuu wake aliingia na mpira,
akaambiwa atoke na mpira.

Nimerudi Maskati bila boksi.
Moza kaniuliza, haya, mwizi alikuwa nani?
Nikamwambia bahasha haijafunguliwa.
Kesho nakwenda Sohar, kuna la ishirini,
muuzaji anasema Mpishi wake kapakwa dhahabu.
Nitampiga picha, nimtumie Ghaniya.