Kufuli la Tatu

Fundi wa Kibuye anauliza, sanduku la kwanza lilienda wapi?
Lilivunjwa.
Na la pili?
Anagonga bati, hangoji jibu.
Nyuma yangu, Oywa, unamwambia samahani
mwanamke aliyekukanyaga.

Shule ya kwanza walikula sukari yako, basi.
Ya pili walikulaza sakafuni muhula mzima,
wakakuita kwa jina la mbwa wa bawabu
nawe ukaitika.
Hilo ndilo lililomkera naibu wa mwalimu mkuu:
“Mama, kwa nini aliitika?”
Mama! Mimi dada yako, miaka ishirini na mitatu,
risiti za karo zimelowa jasho mkononi.
Akafungua faili, akasoma
kama mtu anayesoma utabiri wa mvua:
mpole kupita kiasi, hatazami watu usoni,
hujilaumu upesi,
huenda akaonewa popote atakapokwenda.

Majina ya waliokulaza sakafuni
hayakuwamo kwenye faili.

Tangu siku hiyo silali vizuri.
Wavulana wasiojuana, wa Siaya, wa Vihiga, wa Molo,
wanaingia bweni la vitanda hamsini
na kabla ya kengele ya chakula wamekwisha kukuona.
Wanakujuaje?
Nzi hatobòi kidonda, hukikuta tu.
Basi nani alitoboa?

Mwaka ule tuliohamia kwa shangazi, Nyalenda,
yai lilipotea jikoni.
Nililila mimi, nimejibanza nyuma ya pipa la maji.
Nikasema, Oywa.
Ulikuwa na miaka sita. Ulichapwa kwa mwiko,
ukanitazama, ukasema samahani,
ukaniambia mimi.
Nami, Mungu anajua, sikuona haya.
Niliona mlango usio na kufuli.
Sufuria ilipoungua: Oywa.
Shilingi hamsini za kanisa: Oywa.
Kila mara uliingia ndani ya kosa langu
kama mtoto anayevalishwa sweta,
mikono juu.

Fundi amemaliza. Anatoa kufuli, zito, la Kichina,
funguo mbili. Anasema hili halivunjiki.
Nyundo za majirani zake zinapiga kelele
na pengine ndiyo maana naweza:
“Oywa, lile yai nililila mimi.”

Unajaribu ufunguo. Unafunga, unafungua.
“Najua,” unasema.
Halafu, bila kuinua macho:
“Lilikuwa na chumvi?”