Kerieri

Saa kumi na mbili na nusu, Igombe bado imejifunika ukungu,
nimezipanga baiskeli nne ukutani
kama mbuzi wanaosubiri chumvi.
Nimebonyeza matairi, nimejaribu breki,
nimepandisha viti vya Waholanzi,
kaka na dada, miguu yao haina mwisho,
nimeshusha cha daktari wa meno kutoka Dodoma
anayeniuliza mara ya tatu kama njiani kuna nyoka.
Wapo, namwambia. Lakini nao wana shughuli zao.

Mimi ndiye kiongozi: Minza, binti Lushinge,
filimbi shingoni, pampu mgongoni.
Nyuma yetu Landrova ya Lugembe inakohoa,
imebeba maji, ndizi, viraka,
na woga wa watu watatu.

Tunaiacha lami bila kuiaga.
Changarawe, halafu mchanga, halafu njia ya ng'ombe,
halafu mawe, yale mawe yetu
yaliyokaa juu ya wenzake
kama yamesahau kuanguka.
"Nani aliyapanga?" anauliza kaka Mholanzi.
Ninalo jibu la kitabuni, la mvua na miaka.
Ninalo na la bibi yangu.
Lakini kilima kimefika kabla ya yote mawili:
"Gia ndogo! Usitazame juu, tazama tairi!"

Kwao hakuna vilima, naona.
Na pale katikati, penye jiwe lililopasuka,
gia ishirini na moja zikilalama
na wageni wote wameshuka,
anatupita mzee mwenye magunia mawili ya mkaa,
anasukuma kwa miguu, na bado anatupita.
"Mwangaluka," anasema, pumzi yake nzima.
"Mwangaluka, baba."
Kerieri yake inalia kii, kii, kii
hadi kileleni.

Ng'ambo ni majaruba.
Mvua ya juzi haijaondoka, imejificha tu chini ya nyasi,
na Landrova inaiamini nyasi.
Inazama hadi ekseli.
Lugembe anavua viatu, anatukana kwa Kisukuma, kwa adabu.
Anakuja kijana na maksai wawili wa plau,
anataja bei. Daktari anaikatakata.
Kijana hajibu; anawageuza maksai wake.
Daktari anakubali.
Kamba inakaza, tope linatoa sauti
kama busu la shangazi,
na gari hilo, nje.

Watoto hawakulitazama gari.
Walizizunguka baiskeli, wakazipapasa, wakaanza kunihoji.
"Dada, hii haina kerieri."
"Haina."
"Wala kengele. Wala madigadi."
"Haina."
"Sasa inabeba nini?"
Nikamwonyesha Mholanzi kwa kidevu.
"Huyo tu?"

Kayenze, saa saba. Dagaa wametandazwa mchangani,
wanawake wanawageuza kwa fagio,
harufu inatupanda hadi kwenye nywele.
Dada Mholanzi anataka kuogelea.
Kichocho, namwambia, na inabidi nieleze,
na akishaelewa anaketi juu ya mwamba,
soksi mkononi,
analitazama ziwa kama mtu aliyenyimwa.
Tunakula sato na ugali wa muhogo.
Daktari anatutazama meno tunavyotafuna.

Njia hii sikufundishwa na ramani.
Niliijua nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa,
miaka sita, nimeshika shati la baba,
jogoo wa tatu hajawika,
kwenda mnada wa Kisesa.
Sare yangu ya shule ilinuka ziwa mpaka darasa la saba.
Wageni sikuwaambia.
Haimo kwenye bei.

Jioni baba yuko kibarazani, anasugua goti.
"Mmefika Kayenze?"
"Tumefika."
"Mmebeba nini?"
"Hatukubeba kitu, baba. Maji."
"Mmekwenda, mkarudi, watu wazima, kerieri tupu?"
"Hazina hata kerieri."
Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza wamelipa ngapi.
Nikamtajia.
Akanyamaza kitambo, mkono juu ya goti.

"Na pale kilimani, penye jiwe lililopasuka,
walishuka?"
"Walishuka wote."
"Mh," akasema, akitazama vumbi miguuni pangu.
"Hata mimi nilikuwa nashuka.
Wewe ulikuwa umelala."