Kikombe cha Maji, Newala

Mimi si msemaji wa kikundi.
Msemaji ni Bi Somoe, mwenye sauti ya kuita kuku wa jirani
na wakaja.
Mimi hukaa juu ya gunia, karibu na mlango,
napeta korosho zilizokwisha kupetwa,
natazama.

Tulikubaliana hivi usiku:
nikivuta kanga kichwani, bei isishuke hata shilingi;
nikiiachia mabegani, punguza, mgeni anaondoka.
Wabanguaji kumi na wanne,
na macho yao yote wameniazima mimi.

Akaja na ukungu wa saa mbili,
ule unaopanda kutoka bondeni ukafuta hata mnara wa simu.
Shazili, wa Dar es Salaam, viatu vya ncha, kikokotoo mfukoni.
Akatushika mikono, mmoja mmoja, wote kumi na wanne,
wala hakujifuta.
(Wengi hujifuta. Mafuta ya ganda yametuchoma vidole,
yameviacha vyeusi kama vya mtu aliyefukua makaa.
Mnunuzi wa mwaka juzi alimshika Fatu kwa ncha tatu tu,
tukaijua bei yake kabla hajaitamka.)
Hilo nikaliweka akiba.

"Kumi na sita," akasema, "kwa kilo."
Bi Somoe akacheka kicheko chake cha msibani.
"Ishirini na moja. Nyeupe hizi, nzima, hazina doa."
Akachukua moja, akaivunja, akausikiliza mlio.
Anajua.
Lakini jicho likamkimbilia mlangoni,
mara ya kwanza, mara ya tatu,
na goti likawa linacheza kama la mshona cherehani.
Nikasema moyoni: huyu ana pengine pa kununua,
gari lake halijazimwa.
Kanga ikaniteleza, nikaiacha iteleze.
"Kumi na tisa," akasema Bi Somoe, aliponiona.
Nimeuza elfu mbili kwa goti la mtu.

Ndipo Zaituna akaleta maji.

Kwetu huku juu maji hayatoki ukutani.
Machi yanatoka mabatini;
Agosti yanatoka bondeni, juu ya kichwa cha mtu,
na ndoo ina bei, na bei ina matusi.
Wageni hawajui. Hupiga funda moja,
kilichobaki wakakimwaga nje kama wanafukuza paka.
Shazili alikishika kikombe kwa mikono miwili.
Goti likatulia.
Akanywa mpaka chini, akakiinamisha,
na tone la mwisho, lile lililogoma kutoka,
akalitikisia mche wa pilipili pale kizingitini.

Nikavuta kanga kichwani, nikaikaza kwa fundo.
Bi Somoe akanyamaza katikati ya neno.
Nami nikafanya nisilotumwa, nikafungua mdomo:
"Kwenu wapi, baba?"
Akakitazama kikombe. "Mama ni wa Mnyambe.
Yuko wodini hapo tangu juzi.
Nangoja mtu aje aniite."

Kumbe mlango.
Kumbe goti.
Herufi nilizisoma zote sawasawa,
nikatamka neno lisilokuwemo.

Bei hatukuigusa tena mpaka jua likala ukungu.
Tulimuuliza mama analalia ubavu gani,
anameza nini, nani anamgeuza usiku.
Zaituna akajaza uji kwenye chupa ya chai,
akasema chupa irudi, asifanye ya kwake.
Mwenyewe akaja juu, bila kusukumwa:
kumi na tisa na mia tano,
mizani iwe yenu.

Mlangoni akainama kwangu, sauti ya chini:
"Mama, mwakani badilisheni ishara.
Kila ukiigusa kanga, mwenzio anameza mate."

Alipokwisha kupotea barabarani nikawaambia.
"Nani? Mimi?" akang'aka Bi Somoe, mikono kiunoni.
"Mimi nimeze mate?"

Akameza mate.