Gramu Mia na Tano

Colin Petrie hupima kila kitu kwa mizani ya kupimia hamira.
Tyubu moja: gramu mia na tano.
Pampu ya urefu wa shibiri: themanini na nane.
Vijiko viwili vya kubandulia tairi, viraka, gundi, kipande cha msasa.
"Unabeba duka," ananiambia, usiku wa kuamkia mashindano,
hapa Penticton, barazani kwa Harjinder,
tukila pichi zilizopondeka ambazo soko halikuzitaka.
Yeye habebi chochote. Huomba Mungu.

Mimi nimetoka Kongwa.
Kwetu mtu hatoki na baiskeli bila kiraka
kama asivyotoka bila nguo.
Nikafunga mkoba chini ya kiti,
umevimba kama shavu lenye jino bovu,
nikalala.

Ziwa sitalisimulia. Maji yalikuwa maji,
viwiko vya watu, mapovu, kofia za rangi ya waridi.
Nilitoka nikiyumba kama ndama wa asubuhi ile ile,
nikapanda baiskeli,
na kwa saa tatu dunia ikawa mlio mmoja wa mnyororo.
Osoyoos. Mlima Richter, ambao haupandwi, unaombwa radhi.
Mteremko. Kisha, karibu na Cawston, penye vibanda vya matunda,
pssss,
sauti ya mtu anayekunyamazisha mbele ya wageni.

Nikashuka. Nikalaza chuma majanini.
Wenzangu wakapita, vuu, vuu,
kila mmoja akiniachia upepo wake wa pole.
Nikatoa tyubu ya akiba,
ile niliyoifunga kwa mpira mwaka niliofika nchi hii
na kwa misimu sita sikuigusa,
nikaikunjua,
ikapasuka penye mkunjo, kimya, kama barua ya zamani.

Akiba haiozi, walitufundisha.
Inaoza. Naapa kwa jua hili, inaoza
usipoifungua mara mojamoja ukaitazama.

Nikakumbuka vingine nilivyovikunja nikaviweka:
namba ya simu ya dada Mkunde,
cheti changu cha ukunga, chini ya mashuka,
na yale maneno ya kuomba msamaha, niliyoyapanga vizuri
yakingoja siku yao.

Lakini pancha haisubiri falsafa.
Nikapitisha vidole ndani ya tairi, polepole, kama anayetafuta chawa.
Kidole cha shahada kikapata. Nikachomoa.
Kitu kidogo, kikavu, pembe mbili kama za mbuzi.
Nikacheka kwa sauti, peke yangu, kando ya barabara kuu ya Kanada:
mbigiri!
Wewe uliyenichoma unyayo njia ya shule,
mama akikutoa kwa sindano na matusi,
nani alikupa viza?

Sikuwa na beseni la maji kama mafundi wa kwetu.
Nikaitia hewa kidogo tyubu iliyochomwa,
nikaipitisha karibu na mdomo
mpaka tundu likanibusu.
Msasa. Gundi. Ngoja.
Hapo kwenye ngoja ndipo penye kazi:
dakika tano za kutofanya lolote katikati ya mashindano,
umekaa unapuliza kidonda cha mpira
na kila alfajiri uliyoamka tangu Januari inamwagika.
Kiraka. Kidole gumba. Pampu,
mara mia mbili na kitu, mikono ikiwaka moto.

Colin alimaliza saa moja na nusu kabla yangu,
mzima, bila pancha hata moja. Sala zake hufika.
Alikuwa ameshaoga. Akanipa pichi.

Usiku, wote walipolala, niliichukua mizani yake ya hamira
nikaiweka mezani chini ya taa,
nikatoa mbigiri kwenye mkoba, nikaiweka juu yake.
Nikainama kusoma.
Sifuri.