Kurasa Tisa za Mwisho

Behewa namba saba ni langu: vitanda thelathini na sita,
birika la chuma linalokoroma usiku kucha,
glasi kwenye vishikio vya bati, shuka za kuhesabiwa,
na vitabu ambavyo abiria huvisahau
kama wasahauvyo miavuli.
Sijanunua hata kimoja.
Nimesomeshwa na usahaulifu wa wengine.

Mwaka juzi, chini ya mto wa kitanda cha kumi na nne,
nilikuta joka.
Joka la kurasa mia nne, jalada limenywa chai,
na kijana mchunga mbuzi aliyezaliwa na alama shingoni
ili dunia isije ikamfananisha na mwingine.
Nilimcheka. Mimi nina alama mkononi, ya birika hilihili,
na hakuna ufalme ulionitumia mjumbe.
Lakini nilimfuata. Kutoka Irkutsk hadi Chita nilimfuata,
nikasahau kumwamsha mwanajeshi wa kitanda cha tisa;
akapitiliza kituo chake, akanitukania mama.

Kisha, joka limeachama, upanga uko juu,
hakuna.
Mtu kachana kurasa tisa za mwisho.
Penye mchaniko pana mafuta, na harufu ya omuli,
samaki wa moshi wanaouzwa na akina mama pale Slyudyanka.
Mwisho wa dunia ulifungia chakula cha mtu.
Wahenga walisema hakuna refu lisilo na ncha.
Wahenga hawakupanda treni hii.

Kingine kilikuwa cha chombo cha anga.
Watu wanazaliwa humo, wanaoana humo, wanafia humo,
na sayari waiendeayo bado ni nukta.
Mwandishi alidhani ananitisha.
Niliinua macho: koridoni mtoto alikuwa anajifunza kutembea,
hatua tatu kuelekea magharibi,
huku chuma chote kikimbeba mashariki.
Kitabu kilieleza hewa inavyosafishwa, nuru inavyopinda.
Hakikusema nani anafua shuka.

Machi hii, Ulan-Ude, alipanda lama kijana, Zorigto,
joho la damu ya mzee, viatu vya michezo,
na kitabu ndani ya kitambaa cha manjano.
Alikuja kuomba maji ya moto mara nne.
Mara ya nne akaliona joka langu mezani.
“Naweza?”
“Mpaka Mogoytuy tu.”
Mogoytuy treni haikawii. Alishuka mbio, theluji ikammeza.
Joka likaenda naye.
Kitambaa cha manjano kikabaki.

Basi ninasoma kitabu cha Zorigto. Sikielewi chote.
Kinasema huyu aliyeungua mkono, ukimtafuta vizuri, hayupo:
kuna mvuke, kuna uchungu,
kuna jina lililoshonwa kwenye koti, Erzhena.
Asiyekuwepo na lake halipo, nikasema,
basi na mshahara wa Februari haupo.
Na kweli haukuwepo.
Kinasema tamaa ndiyo kuni, sisi ndio moto.
Nilikifunga nikizitaka zile kurasa tisa
kuliko nilivyowahi kumtaka mume.

Pembeni mwa ukurasa wa hamsini, kwa penseli:
“Hapa nilisinzia.”
Sentensi hiyo niliielewa yote.

Namwaza huko hekaluni, tochi chini ya blanketi,
mtawa mzima, moyo unamdunda kwa ajili ya mchunga mbuzi.
Anafika penye mchaniko. Anapapasa. Ananusa kidole.
Sijui kama atacheka.
Sijui kama utupu aliofundishwa ulikuwa na harufu ya samaki.

Leo ni Alhamisi; Mogoytuy ni dakika sita mbele.
Kitambaa nimekipiga pasi. Koti nimevaa.
Kama yupo jukwaani, simwulizi habari za kuwapo na kutokuwapo.
Nitamwuliza, kabla mlango haujafungwa:
wewe ungelifanyaje lile joka?