Kukata Maini

Nimekata maini miaka kumi na tisa, Vingunguti,
meza ya tatu kutoka mlangoni.
Nalijua ini kwa kidole kabla ya jicho:
lililo zima hurudisha kidole,
lililougua lina kokoto ndani.
Najua nyongo inavyotolewa kwa pumzi moja,
maana ikipasuka
kilo nzima ni hasara na mteja harudi.

Kwa hiyo daktari alipoiinua picha kwenye taa
nilimwona Bwana Afya wa machinjioni,
buti nyeupe, kisu kifupi.
Akikuta doa hasemi kitu.
Huchana msalaba juu ya ini
na kulitupa kwenye pipa la bluu.

Doa lilikuwa moja, upande wa kulia.
"Kama korosho," alisema,
na wewe, Sikudhani, ukauliza:
mbichi au ya kukaanga?
Ukacheka peke yako.

Ziwa la kushoto lilikwenda mwaka ule Jangwani palipofurika.
Ulirudi Buguruni na chupa ya damu
umeibana kwapani kama pochi.
Ukashona kifuko cha kanga, ukakijaza mtama,
ukakipima kwenye mizani yangu,
"ili huku na huku pawe sawa,
au wewe unadhulumu mpaka mkeo?"
Wiki nzima kuku wa jirani walikufuata uani.

Mama akasema, msimwambie mtu.
Shemeji akaleta dawa kwenye chupa ya soda.
Ukainywa kwa adabu,
kesho yake ukaenda Ocean Road
kwenye dripu nyekundu iliyokung'oa kucha mbili.
Miaka mitatu tukadhani tumemaliza.

Daktari Kemilembe ana mikono midogo.
Niliitazama kuliko nilivyomsikiliza.
Alisema: si kila mtu mwenye hali hii tunamkata.
Kwako dawa imelibana doa, halijazaa jingine,
basi tujaribu.
Siwaahidi kupona. Nawaahidi kazi safi, na labda muda.
Kisha akasema jambo
ambalo meza yangu haijawahi kuniambia:
ini likibaki na sehemu nzima, hujaza pengo lake.
Huota.

Nilimuuliza mara mbili.
Kwangu kilichokatwa kimekatwa,
kinafungwa gazetini, kinaondoka na mwenye hela.

Watu husema, maneno yale yamenikata maini.
Hata mimi nilisema hivyo, kaka aliponidhulumu kiwanja.
Kiwanja!
Sasa niko kwenye benchi la ukutani,
kanga yako mapajani,
pete yako nimeivaa kidole cha mwisho, imegoma kwenye kifundo,
na neno hilo sina tena,
wamelichukua wakaingia nalo ndani.

Saa nne. Saa tano na robo.
Mlinzi amebadilishana zamu.
Saa sita, adhana, nikasimama, nikakaa.
Mimi ng'ombe mzima namaliza kwa dakika arobaini
na hujisifu.
Ee mama mwenye mikono midogo,
chelewa.
Chelewa.

Jumamosi alfajiri ukafumbua jicho,
mirija kila mahali, sauti ya mchanga:
"Nani kasimama mezani?"
Nimefunga.
"Jumamosi," ukasema. "Jumamosi, na umefunga."
Ukalala tena huku umenikasirikia,
na mimi nikahesabu mikunjo ya paji lako,
mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mauzo.

Majibu ya maabara bado. Tunaambiwa wiki mbili.

Juzi nimefungua.
Mama mmoja akataka nusu kilo ya maini.
Lilikuwepo, linaning'inia, zima, linang'aa,
limeshapita kwa Bwana Afya.
Nikaliwekea kidole. Likakirudisha.
Nikasimama hivyo, kidole pale,
foleni inanung'unika nyuma yake,
mpaka nikamwambia:
chukua nyama ya paja, mama,
nitakuzidishia.