Raundi ya Nne, Wete

Ubaoni, kwa chaki: meza ya tatu.
Mimi, elfu mbili kasoro kumi na moja.
Yeye, elfu na mia mbili, tena ukarimu,
jina lake karani kalikosea, kalifuta, kaliandika upya:
Mize Kombo Shoka, fundi cherehani.

Nilishuka Mkoani na hesabu nyepesi:
pointi moja hapa, kisha chai.

Akaja na uzi mweupe umemganda mkono wa baibui.
Kalamu hana. Nikampa yangu ya akiba.
Akasukuma kitunda hatua moja tu,
kama ajaribuye moto wa pasi
kwa ncha ya kidole kilicholowa mate.

Nami nikamiminika. Farasi wote mbele,
malkia wangu katoka mapema,
bibi harusi asiyengoja kuitwa.
Yeye akipima. Akikunja. Akiacha upindo.
Nikapiga hodi kushoto, nikapiga hodi kulia,
nikasikia komeo tu.

Umeme ukakatika, pangaboi likasimama,
mwamuzi akatuhamishia meza dirishani.
Jasho langu likadondokea karatasi,
likafuta mwendo wa ishirini na sita,
ule niliotamani nami niufute.

Mwendo wa thelathini na moja nikanong'ona, "Suluhu?"
Hakuinua macho. "Mchezo bado upo,"
kwa upole ule ule wa kumwambia mteja
nguo haijesha, pita kesho.

Kikaanza kutembea kile kitunda cha pembeni
nilichokipita mara tatu bila salamu.
Nyumba moja. Nyumba moja.
Nikahesabu: nimechelewa hatua.
Nikahesabu tena, polepole, kwa adabu.
Hatua ile ile.

Akaomba malkia. Sandukuni hayumo.
Mwamuzi akamleta wa seti nyingine,
mrefu kuliko wenzake, rangi ya maziwa yaliyoungua,
akasimama pale kama mgeni asiyejua pa kukaa,
na shaha wangu hakuwa na pa kukimbilia.

Nikamlaza. Tukatia saini; yangu ikatoka imepinda.
"Umefundishwa na nani?"
Akaifunika kalamu, akanirudishia.
"Seti ya nyumbani ilipoteza malkia zamani.
Tulikuwa tunaweka bobini."

Kisha umeme ukarudi.
Pangaboi likakohoa, likazunguka,
na katika karatasi zote za ukumbi ule
yangu ndiyo iliyoruka.